Tapeti zikinyamaza, uliza

Pikipiki inayobeba magunia ya alizeti mchana ndiyo hiyohiyo inayompeleka mjamzito hospitali usiku. Ndiyo maana huko Busi, wilayani Kondoa, mama mwenye pikipiki hana amani inapopigwa kiki mara kumi asubuhi bila kuwaka. Kijana anayemletea hesabu humwambia: “Mama, injini haina hata kelele, nzima kabisa.” Hapo ndipo penye kosa.

Mlio wa tik-tik juu ya injini mara nyingi ni tapeti zilizolegea. Unaudhi, lakini unatoa taarifa. Zilizobana hazisemi kitu. Valvu haifungi sawasawa, nguvu inapungua mlimani, na valvu ya moshi, ambayo hupunguza joto kwa kukaa vizuri kwenye kiti chake, inaanza kuungua. Ikigundulika, ni kufungua kichwa cha injini, na fedha iliyowekwa kwa ajili ya sare za watoto inaishia kwa fundi.

Kazi yenyewe inawezekana uani. Injini ilale usiku kucha, ipimwe ikiwa ya baridi kabisa. Plagi itolewe ili izunguke kwa wepesi, kisha vifunguliwe kifuniko cha juu na cha sumaku. Kwa injini za fimbo za muundo wa Honda CG125, ambao Wachina wameunakili sana, sumaku huzungushwa kinyume cha saa. Wengi hutikisa roka tu kutafuta zamu sahihi, lakini tapeti zilizobana hudanganya. Afadhali kutazama roka ya valvu ya kuingiza: ikishaibonyeza valvu na kuiachia, alama ya T inayofuata ndiyo yenyewe.

Fila ya milimita 0.08 ipite kati ya skrubu na valvu kwa kukwaruza kidogo, pande zote mbili. Aina nyingine zina vipimo vyake kwenye kitabu chake. Wapo wanaopimia wembe. Una unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo huacha nafasi kubwa kuliko inayotakiwa. Skrubu ishikwe wakati nati inakazwa, halafu ipimwe tena, kwa sababu nati huivuta.

Fila ikae kabatini kwa mama. Vifaa vya chini ya kiti cha pikipiki huazimwa kijiweni na havirudi.