Tusizime vantilatere mbio



Nataka kusema neno moja juu ya ampli ya klabu yetu ya redio, ile ya lampe mbili 3-500Z. Kila jioni mazungumzo yakiisha tu, mwenye zamu anakimbia kuzima grupe, eti anachunga mazutu. Wengi wanamsifu. Mimi nasema hapana.

Tuhesabu kwanza. Ampli ikichukua wati 1.000 na kutuma 600 kwa antena, zile 400 zinakwenda wapi? Zinabaki ndani ya lampe, zinageuka moto. Tena filama, ule uzi unaowaka, inakula wati 73 kwa kila lampe, hata kama hakuna mtu anayesema.

Wengine wakiona bamba la ndani limekuwa jekundu wanaogopa bure. Lampe hii ilitengenezwa hivyo. Bamba linatupa moto wake sawa makaa. Hatari iko pale chuma kinapopita katika kioo. Watengenezaji waliandika: chini kwenye pini moto usipite degre 200, na juu usipite 225. Ukipita, kioo kinaweza kupasuka, hewa inaingia, lampe imekufa. Njo maana vantilatere inapuliza pale.

Na sisi tunakaa milimani. Kwa metre 1.500, kama kule Bukavu, hewa iko nyepesi karibu 14 kwa mia kuliko ya Moanda kando ya bahari. Hewa nyepesi inabeba moto kidogo. Basi sisi tunahitaji upepo zaidi, si kidogo.

Ukizima grupe gafula, upepo unakufa na bamba lingali la moto. Moto ule unatafuta njia, unafika kwenye viungo vya kioo. Ninajua, juu mwaka jana zamu ilikuwa yangu. Nilizima mara moja, nikajisifu. Kesho yake tulipowasha, lampe moja ikajaa moshi mweupe. Kioo kilikuwa kimepasuka kando ya pini. Muhula mzima tulikaa kimya. Wale waliozoea kutuita hawakupata jibu.

Mtu atauliza: na mazutu ya dakika tano? Labda ni kikombe kimoja. Kikombe hakifiki hata kidogo bei ya lampe, tena lampe haipatikani sokoni kwetu.

Ninaomba hivi. Neno la mwisho likisemwa, tuzime kwanza umeme mkubwa na filama, tuache vantilatere izunguke dakika tano, kisha tuzime grupe. Na kila Posho tupanguse vumbi lake, kwani vumbi linafunga njia ya upepo.

Kuchunga mali si kuzima mbio tu. Ni kujua kitu gani kikiharibika hatutaweza kukirudisha. Nani anakosa dakika tano?

Kapita, mwaka wa sita