Mzungu Anamfuata Simba, Mkulima Anafuatwa



Leo nina ugomvi na filamu. Mnazijua: watalii vijana, gari la wazi, kamera shingoni. Mwenyeji anawaambia msiende kule. Wanaenda! Usiku tochi inazimika, kitu kinanguruma, wanaliwa mmoja mmoja.

Kwenye vibanda umiza vya hapa Tunduma filamu ya kutisha namna hiyo hugeuka kichekesho, hasa ikiwa na mtafsiri anayepaza sauti ya Kiswahili juu ya Kiingereza, kama enzi za Lufufu. Utingo wa malori, wabadilisha fedha, wanafunzi, wote wanavunjika mbavu. Na mimi nacheka. Mtu aliyelipa nauli ya ndege ili atishwe, akitishwa analalamika nini?

Ugomvi wangu uko kwingine. Katika filamu hizi mnyama anaanza kazi siku watalii wanapofika. Sasa wenyeji miaka yote hiyo walikuwa wanaishi wapi?

Chukua Primeval ya mwaka 2007. Imetokana na Gustave, mamba wa Burundi anayesemekana kuua watu wengi mto Rusizi na kando ya Ziwa Tanganyika. Mashujaa wa filamu ni nani? Wanahabari wa televisheni kutoka Marekani! Au The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996, kuhusu simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898. Waliokufa walikuwa Wahindi na Waafrika. Filamu inamfuata mhandisi Mwingereza, Patterson, halafu ikamwongezea mwindaji wa Kimarekani ambaye Tsavo hakuwepo kabisa. Ametungwa! Filamu zote mbili zilipigwa Afrika Kusini. Hata vichaka vyetu havikupata kazi.

Hebu tuje kwenye ukweli. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2005 ulihesabu Watanzania zaidi ya 563 waliouawa na simba tangu mwaka 1990. Wengi wao hawakuwa watalii, walikuwa wakulima. Ulieleza na sababu: nguruwe pori. Nguruwe anafuata mazao, simba anamfuata nguruwe, na mkulima amelala shambani kwenye dungu kulinda mahindi yake. Rufiji, simba mmoja aliyepewa jina la Osama aliua watu wasiopungua 35 kati ya mwaka 2002 na 2004. Alipopigwa risasi alikutwa na jipu chini ya jino lililopasuka. Jino bovu, ndugu zangu! Mwandishi gani wa Hollywood angebuni hilo?

Na si lazima twende Rufiji. Njombe, nyanda hizi hizi za juu kusini, simba walisumbua watu kuanzia miaka ya 1930 hadi 1947, George Rushby alipowamaliza. Inaelezwa kwamba serikali ya kikoloni ilikuwa imeua wanyamapori wengi ili kuzuia sotoka ya ng'ombe, simba wakakosa mawindo. Zimwi lile lilitengenezwa mezani, kwa kalamu.

Mtaniambia, "acha hizo, ni burudani tu." Sawa. Lakini burudani ndiyo inayotufundisha nani wa kuhurumiwa. Sisi waandishi tuna dhambi hiyo hiyo. Mtalii akikwaruzwa, habari inazunguka dunia. Mvuvi wa Ziwa Rukwa akichukuliwa na mamba, tunaandika mistari minne chini ya tangazo la biashara, na jina lake tunakosea. Kanuni za mwaka 2011 ziliipangia familia ya aliyeuawa kifuta machozi cha shilingi 1,000,000. Viwango vimepandishwa baadaye, lakini jiulizeni ni wangapi kati yetu tuliwahi kufuatilia kama fedha hizo zinafika.

Nasema haya kwa sababu najua vijana wenzangu wenye kamera mpo. Msituletee tena watalii wanaopiga kelele porini. Kivutio chetu kinachojulikana zaidi Songwe ni Kimondo cha Mbozi, jiwe la chuma lisilo na meno, kwa hiyo mtalii wenu atachelewa sana kuliwa! Tengenezeni filamu ya mama aliye juu ya dungu, betri za tochi zikiisha, nguruwe wakikoroma chini, na anajua fika kinachowafuata nyuma. Kichekesho kitakuwemo tu. Mtalii apite mchana na gari lake, amuulize kama usiku hapa kuna raha, aondoke zake kabla ya jua kuzama. Usiku mama abaki yeye, na kamera ibaki naye.

Nani anaanza? Naomba kuwasilisha.