Ubaya wa Kumsubiri Bingwa

Pendekeza mjini Lubumbashi kwamba walimu wachanga wa sayansi ya data na akili mnemba waleane wao kwa wao, na jibu utakalolipata ni lile lile: kipofu hamwongozi kipofu. Kwanza atafutwe profesa mwenye udokta wa fani hiyo, atoke Kinshasa, Ubelgiji au Afrika Kusini, atoe semina ya siku mbili tatu na kugawa vyeti, ndipo walimu wapatikane. Hadi siku hiyo, asistenti aliyepewa kozi ya Python abaki na silabasi yake, afundishe anavyojua, na asithubutu kumwelekeza mwingine.

Wanaosema hivyo ni watu wenye heshima zao na nia njema, na hiyo ndiyo sababu imani hii imedumu. Hata hivyo ni potofu. Inachanganya kulijua somo na kujua kulifundisha, na inawaacha wapweke watu wale wale ambao mji unawategemea waanzishe fani mpya.

Mwaka 1986 Lee Shulman wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika kwamba mwalimu ana ujuzi wa aina yake: kujua wanafunzi hukwama wapi katika somo hili hasa, mfano gani huwafungua macho, swali gani hufichua kwamba hawajaelewa. Ujuzi huo hauji pamoja na shahada, na wakati mwingine shahada huuziba. Mwaka 1990, katika chuo hicho hicho, Elizabeth Newton aliwaomba watu wagonge kwa vidole mezani nyimbo zinazojulikana na kila mtu, wenzao wasikilize na kukisia. Wagongaji walitazamia kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilitambuliwa 3. Mgongaji alikuwa akiusikia wimbo wote kichwani mwake, huku msikilizaji akisikia mbao tu. Baadaye, mwaka 1999, Pamela Hinds alionyesha kwamba wazoefu wa simu za mkononi walikosea zaidi kuliko watu wa uzoefu wa kati walipokadiria muda atakaohitaji mgeni wa kifaa hicho. Aliyejikwaa juzi bado anakumbuka jiwe liko wapi.

Na Katanga haikuhitaji Stanford iiambie. Yeyote aliyepitia humanités pédagogiques, sekondari inayoandaa walimu wa shule za msingi nchini Kongo, anaikumbuka leçon d'essai. Mwanafunzi anaandaa fiche yake ya somo, anasimama mbele ya watoto wa kweli, wenzake wameketi nyuma na madaftari, kisha wote wanakaa kulichambua somo. Hakuna anayedai kwamba kijana wa miaka 17 hana haki ya kumtazama kijana mwenzake wa miaka 17 akifundisha. Kwa hiyo mtu atakayewafundisha watoto kutoa na kujumlisha hutazamwa na wenzake kabla ya kukabidhiwa kalasi. Lakini mtu atakayewafundisha vijana wa chuo kikuu takwimu na kujifunza kwa mashine anaweza kuingia ukumbini akafundisha muhula mzima bila mwenzake hata mmoja kumwona akifanya kazi hiyo. Tumekuwa waangalifu kwenye ngazi ya chini, tukalegeza kamba juu, mahali ambapo somo ni gumu zaidi.

Tuchukue somo moja linaloweza kufundishwa Kasapa, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kesho asubuhi. Mwaka 2020 jarida la Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliofanyika Lubumbashi juu ya madini na watoto wanaozaliwa na kasoro za mwili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu, walishirikiana na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, akiwemo Benoit Nemery. Walichunguza watoto 138 waliozaliwa na kasoro zinazoonekana na wengine 108 wasio na kasoro. Jambo lililojitokeza kwa nguvu zaidi lilikuwa kazi ya baba: baba akiwa na kazi inayohusu migodi, uwiano wa odds uliokadiriwa ulikuwa 5.5, na mipaka ya makadirio hayo ilianzia 1.2 ikafika 25. Katika mji huu, ambapo ukumbi wowote una vijana waliolelewa kwa mshahara wa mgodi, ni vigumu kupata mfano unaowagusa wanafunzi zaidi ya huu.

Sasa tuwaweke asistenti wawili ukumbini. Mmoja anafundisha, mwingine amekaa benchi la nyuma, na hakuna kati yao aliye bingwa wa takwimu za afya. Wa kwanza anaandika 5.5 ubaoni kwa tarakimu kubwa na kusema kwamba watoto wa wachimbaji wana hatari mara tano na nusu. Wa pili anaona yale ambayo mtu aliyeshika chaki hawezi kuyaona. Karibu madaftari yote yamenakili 5.5, na ile mipaka imeachwa. Binti mmoja amemuuliza jirani yake kwa sauti ya chini, "Sasa tuamini 1 ao 25?", naye hakujibiwa. Kijana mwingine ameanza kupiga asilimia ya watoto wenye kasoro mjini kutokana na 138 na 108, hesabu isiyowezekana, kwa kuwa watafiti wenyewe ndio walioamua wachukue watoto wangapi wenye kasoro na wangapi wasio nazo.

Baada ya somo mambo hayo matatu yanawekwa mezani. La kwanza na la pili wanayamaliza wenyewe: wiki ijayo somo litaanza na ile mipaka, na wanafunzi wataulizwa kwa nini ni mipana hivyo, mpaka waseme kwamba watoto waliochunguzwa walikuwa wachache. La tatu linawashinda. Hesabu ya yule kijana inawafanya wahisi kwamba neno "hatari" halikuwa mahali pake, lakini hawawezi kueleza kwa nini. Basi wanaandika swali moja, fupi na kamili, na kulipeleka kwa mtu wa Shule ya Afya ya Umma ya chuo hicho hicho. Bingwa anahitaji dakika kumi kulijibu. Ametumika kwa kile kinachomhitaji bingwa, na muda wake haukupotea kwenye yale ambayo asistenti wawili waliweza kuyaona kwa macho yao.

Profesa wa semina ya siku tatu asingemwona yule binti.

Wapinzani watauliza: na makosa je? Walimu wachanga wawili hawatapitishiana uongo? Watapitishiana, mara moja moja. Lakini asistenti anayefundisha peke yake naye anakosea, na kosa lake halina shahidi. Linaingia kwenye silabasi, linapigwa fotokopi, linauzwa kwa wanafunzi wa mwaka huu na wa mwaka unaofuata. Kosa lililosemwa mbele ya mwenzako anayeandika lina nafasi ya kukamatwa. Na lile linalowapita wote wawili halikamatwi na semina iliyofanyika miezi sita iliyopita.

Kuna pingamizi zito kuliko hilo, na linatoka kwa watu walioitetea njia hii kabla ya wengine. Bruce Joyce na Beverly Showers wa Marekani walianza mwaka 1980 kuandika kwamba nadharia na maonyesho ya semina hayatoshi kubadili anachofanya mwalimu darasani, na kwamba anahitaji mtu wa kumsindikiza anapojaribu. Wakapendekeza walimu wasindikizane. Mwaka 1996 walirudi na onyo: wameondoa kabisa sehemu ya kukosoana kwa maneno, kwa kuwa walimu walipoanza kupimana, ushirikiano ulivunjika. Onyo hilo linatuhusu sana. Mara nyingi uchambuzi wa leçon d'essai hugeuka msako: mwandiko ubaoni ulipinda, tarehe haikuandikwa, sauti ilikuwa ndogo. Aliyefundisha anatoka amenyong'onyea, na kuhusu watoto hakuna kilichosemwa. Katika chuo kikuu, ambako asistenti wanagombea nafasi zile zile chache, msako wa namna hiyo ungekuwa sumu.

Dawa yake imo katika mfano wa Kasapa. Aliyekaa nyuma hakumpima mwenzake. Aliandika wanafunzi walifanya nini: nani alinakili nini, nani aliuliza nini, mkono upi uliinuliwa ukashushwa. Aliyefundisha atajisomea mwenyewe kilichotokea. Wiki inayofuata viti vinabadilishwa, na hilo pekee linapunguza kiburi cha yeyote.

Mambo haya yanafanyika kwingine. Software Carpentry ilianzishwa mwaka 1998 na Greg Wilson na Brent Gorda katika maabara ya Los Alamos, Marekani, kuwafundisha wanasayansi kuandika programu; leo jumuiya iliyozaliwa humo inaitwa The Carpentries. Anayetaka kuwa mwalimu wake hufundisha dakika chache tu mbele ya wanafunzi wenzake wa ualimu, nao humweleza walichoona, kizuri na kibaya, katika maudhui na katika uwasilishaji. Akihitimu, hafundishi peke yake ukumbini. Afrika nayo ina kielelezo chake. Mtandao wa H3ABioNet, ulioongozwa na Nicola Mulder wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulianza mwaka 2016 kufundisha bioinformatiki, ambayo ni sayansi ya data ya viumbe hai, katika madarasa yaliyotawanyika kwenye nchi mbalimbali kwa wakati mmoja. Mihadhara ya mabingwa ilirekodiwa na kusambazwa mapema, ili intaneti ikigoma masomo yasisimame, na katika kila darasa walikuwepo wasaidizi wa mahali hapo wa kukaa na wanafunzi. Mji ambao umeme wa shirika la SNEL hukatika bila kuaga, na ambao mwanafunzi hupima mega zake kabla ya kufungua video, unapaswa kuutazama mpango ule kwa makini.

Jirani yetu Tanzania ameliingiza jambo hili kwenye utaratibu wa serikali. Chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, walimu wa shule hukutana katika jumuiya za ujifunzaji shuleni mwao, wakijadili masomo yao wenyewe. Wanaohusika ni walimu wa kawaida, na mahali pa kukutania ni shule ile ile wanayofundisha.

Tena, katika fani hii bingwa mwenyewe ni nani? Muundo wa transfoma, ambao modeli kubwa za lugha za leo zimejengwa juu yake, ulichapishwa Juni 2017. ChatGPT ilifunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Profesa aliyetetea tasnifu yake mwaka 2010 amejifunza vitu hivyo ukubwani, akisoma makala zile zile anazosoma asistenti. Na hakuna aliyezeeka akifundisha darasa ambalo nusu ya wanafunzi wameleta kazi iliyoandikwa na mashine. Hapo wote ni wageni, na wageni huulizana njia.

Kongo imewahi kusubiri wataalamu kutoka nje, na ikaona mwisho wake. Wakati wa uhuru, mwaka 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Chuo cha Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, chenyewe kilikuwa na umri wa miaka michache tu. Pengo likazibwa na wageni, na shule nyingi zikapata walimu kutoka Haiti. Walifanya kazi ya heshima, na wazee waliosoma kwao wanawakumbuka kwa upendo. Lakini mgeni ana kwao. Shule zilizosimama baada yao zilisimama kwa Wakongo waliokuwa wamekaa karibu nao kiasi cha kujifunza kufundisha.

Hatari ya kweli ya ulezi wa rika iko kwingine kabisa: ni rahisi kuugeuza kisingizio cha kubana matumizi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Joseph Lancaster alisifiwa London kwa kuwafundisha mamia ya watoto kwa mwalimu mmoja, wanafunzi wakubwa wakiwakaririsha wadogo. Watawala waliupenda mpango huo hasa kwa kuwa ulikuwa wa gharama ndogo. Tanzania, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, iliwachukua vijana waliomaliza darasa la saba ikawafanya walimu huku wakijifunza kazi, na wengi walibebeshwa mzigo mzito kwa msaada mdogo. Serikali au chuo chochote kitakachowaambia asistenti waleane jioni, bure, baada ya saa zao za kazi na huku mishahara ikichelewa, kitakuwa kinawanyonya. Kumtazama mwenzako akifundisha na kukaa naye baadaye ni kazi, na kazi hulipwa.

Mageuzi ya LMD, yaani mfumo wa shahada, uzamili na udokta, yaliyoenezwa katika vyuo vikuu vya Kongo kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, yanatilia mkazo kazi za vitendo na kazi binafsi ya mwanafunzi, kwa hiyo asistenti atazidi kuwa ndiye mwalimu anayeonwa na mwanafunzi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Taasisi ya Juu ya Ualimu na shule ya informatiki ya Wasalesiani, Salama, zote zimo katika mji mmoja, umbali wa safari ya basi. Ratiba zao zinaweza kuwaweka asistenti wawili katika kila somo la vitendo la data, mmoja mbele na mmoja nyuma, hata kama mmoja ametoka chuo cha pili. Kila mwezi daftari la maswali yaliyowashinda lipelekwe kwa maprofesa waliopo, nao wajibu kwa maandishi. Na tume inapokaa kuamua asistenti gani apande kuwa chef de travaux, ikishahesabu machapisho yake, ihesabu pia saa alizokaa akiandika kilichotokea katika darasa la mwenzake.