Uwanja wa Kuchezea Usikatwe Parseli

Kinkondja hakuna uwanja wa golfu, wala hakuna anayeudai. Vijana wa huko wanataka mpira wa miguu. Hata hivyo, mchezo huo wa golfu una somo kwa miji midogo ya Haut-Lomami, na somo lenyewe linahusu ardhi.

Uwanja kamili wa golfu una mashimo 18 na unameza hekta 50 hivi au zaidi. Katika eneo hilo vingetoshea viwanja zaidi ya 60 vya mpira wa miguu. Ndiyo maana Wakongomani wengi wanaihesabu golfu kuwa mambo ya wakubwa. Mjini Lubumbashi, Golf ni jina la mtaa mzima, na anayeutaja mara nyingi anawaza bei ya parseli kuliko mchezo.

Lakini kwenye nyanda za nyasi za Marekani na Kanada, mambo yalikwenda tofauti. Miji midogo ya wakulima huko Kansas, Nebraska na Saskatchewan ilijitengenezea viwanja vya mashimo 9. Maji yalikuwa haba, pesa pia. Basi kuzunguka shimo waliweka mchanga uliochanganywa na mafuta, mahali pa majani laini, na wakaaji wenyewe walijitolea kuutunza uwanja wao. Kilichowafaa kwanza ni kwamba ardhi ya kuchezea ilikuwa imetengwa.

Kinkondja iko kando ya mto Lualaba, karibu na ziwa Kisale, katika bonde la Upemba. Maji yakipanda, ardhi kavu inakuwa ya kugombaniwa. Uwanja ulio wazi mahali pa juu una kazi mbili: wakati wa kiangazi watoto wanacheza, na mafuriko yakija familia zinapata pa kutandika mikeka. Ukikatwa parseli, faida zote mbili zinapotea siku moja.

Wanaogawa parseli husema watu wanahitaji nyumba. Ni kweli. Lakini nyumba inaweza kupata nafasi kwingine, na uwanja ukishajengwa haurudi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya watu wote haiwezi kupewa mtu binafsi kabla ya kuondolewa rasmi katika matumizi hayo.

Kwa hiyo machifu, viongozi wa teritware na wapimaji wa ardhi wasingoje ugomvi. Wapime viwanja vya michezo sasa, waweke vigingi, waandike vipimo, na wavisome mbele ya wakaaji. Kigingi cha leo ni rahisi kuliko kubomoa nyumba ya mtu kesho. Nao wazazi wanaoombwa kununua parseli ya bei ndogo waulize kwanza: hapa watoto walikuwa wakicheza nini?