Mama wawili, jina moja, kilo za mmoja!

Huku Bugomora kahawa imeanikwa hadi mlangoni, na mimi wiki hii nina kisa ambacho nusura kinitoe kibaruani kabla sijakizoea.

Ni hivi. Chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa hapa wilayani Kyerwa, jina kapuni, kilinipa kazi ya kuandaa orodha ya malipo kwa kompyuta. Si unajua tena, ukimaliza fomu foo na ukajua kubonyeza-bonyeza Excel, kijijini unaitwa mtaalamu. Kichwa kikavimba.

Kazi yenyewe si ngumu. Rejista ya wanachama iko shiti moja: jina, namba, kijiji, kilo za msimu. Orodha ya malipo iko shiti nyingine. Sasa huandiki kilo za mtu mmoja mmoja, utakesha! Unaituma fomula iitwayo VLOOKUP: shika jina hili, nenda kwenye rejista, shuka mpaka ulione, niletee kilo zilizo mbele yake. Fomula hiyo imo tangu Excel ya kwanza, mwaka 1985. Imenizidi umri, ilipaswa niiamkie.

Siku ya kuhakiki orodha akaja mama mmoja, kanga kiunoni, stakabadhi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie yangu."

Kilo 37. Mama akacheka, akajua namtania. Stakabadhi zake zinasema 412!

"Mwanangu, watoto wangu wawili wanasomea humo humo," akasema, na sasa hacheki.

Wee, jasho! Kumbe tuna wanachama wawili, jina la ubatizo moja, la baba moja. VLOOKUP ikikuta jina la kwanza inasimama hapo hapo, haiulizi kama kuna mwingine. Wa kwanza ana kilo 37, basi na huyu naye akabandikwa 37. Mbaya zaidi, haikulalamika hata kidogo. Bila zile stakabadhi ningemlipa hivyo hivyo na kumwambia kompyuta haikosei.

Nikageuza, nikatafuta kwa namba ya uanachama. Mambo safi? Thubutu! Mzee mmoja, namba 218, alisahauliwa kwenye rejista. Badala ya kusema hayupo, fomula ikampa kilo za 217, kavu kavu. Kosa langu tena: niliacha wazi ile sehemu ya nne, ya mwishoni. Ukiiacha, na namba zimepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa, ikikosa namba yako inachukua iliyo karibu chini yake. Ukiweka sifuri pale, au FALSE, inakuwa mkweli: isipomwona mtu inaandika #N/A. Kuna washikaji wanaifuta hiyo #N/A eti inachafua karatasi. Mimi sasa naipenda kuliko salamu. (Ninyi wa mjini wenye Excel mpya mna XLOOKUP, iliyotangazwa 2019, hiyo hutafuta kitu kamili bila kukumbushwa. Kompyuta ya chama ni kuukuu, haina habari.)

Basi nikamwonyesha mama kilo zake, 412, akazisoma kwa kidole. Akafunga stakabadhi kwenye pindo la kanga, akafika mlangoni, akageuka.

"Msimu uliopita stakabadhi zangu ziliharibiwa na mvua, nikapokea nilichopewa. Na wakati ule mlitafuta kwa jina au kwa namba?"

Orodha ya msimu ule aliiandaa mwenzangu aliyenitangulia. Ipo kwenye flashi, na jana usiku nimeifungua.

Kwa jina.

Kesho namfuata mwenyekiti, nikiwa na ile flashi mfukoni. Nikibaki na kibarua, tutaonana wiki ijayo.