Kibweta Hakimalizi Msitu
Wapo wanaosema kukereza vibweta vya mbao kwa kujifurahisha ni kumaliza miti bure, hasa mpingo, ambao tangu 2017 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Hofu hiyo ina msingi, ila wamemkamata asiye mwizi. Kibweta kinachoenea kiganjani hutoka kwenye kipande ambacho fundi samani angekitia jikoni kiwe kuni. Tena keezo, chombo cha kukerezea, halikubali pupa: mbao mbichi hunywea upande mmoja kuliko mwingine, kilichokerezwa duara kikawa kama yai, kifuniko kikagoma kuingia. Ndiyo maana mkerezaji hukiacha kibweta kinene kwanza, kikauke miezi kadhaa, kisha akakikereza upya. Aliyesubiri hivyo hachezei mti. Mafundi, msichome masalio ya mpingo na mninga; wapeni wanaojifunza kukereza.