Amri ya Ufilisi Ina Meno

Kuanzia Kitale hadi Bungoma, wanaodai kampuni zilizoanguka huambiwa jambo moja: kesi ya ufilisi ni kikao cha hesabu tu, mkurugenzi akikaidi amri hakuna wa kumgusa. Nalipinga, maana linawakatisha watu tamaa kabla hawajafika kortini.

Eti kesi hizo husikilizwa na baraza, si korti. Kenya haina baraza la ufilisi. Sheria ya Ufilisi ya 2015 inapotaja Mahakama, ni Mahakama Kuu, ile ile inayokaa Kitale na Bungoma. India ndiko kesi hizi hupelekwa kwa baraza maalumu, na huko mawakili wamevutana kama uwezo wa kuadhibu ambao baraza lilipewa na sheria ya kampuni unafika hadi kwenye ufilisi. Mvutano huo si wetu.

Eti sheria ya kudharau mahakama ilifutwa. Ndiyo, Jaji Chacha Mwita aliibatilisha ile ya 2016 mnamo Novemba 2018. Majaji wameendelea kuadhibu, wakishika kifungu cha 5 cha Sheria ya Mahakama (Judicature Act), Sura ya 8.

Linaloniuma zaidi ni hili: "Mtu hafungwi kwa deni." Fikiria ghala la mahindi Kitale. Amri imebandikwa langoni, mali isiguswe. Saa nane usiku lori linapakia, mlinzi akimulika tochi magunia yakihesabiwa. Mwenye ghala akifungwa, kosa lake si kukosa pesa, ni kuhamisha alichokatazwa. Hata asiye na senti angeweza kuyaacha magunia palepale. Wala hafungwi kwa uvumi: lazima ionekane aliijua amri, na tangu kesi ya Mutitika dhidi ya Baharini Farm, 1985, ushahidi unaotakiwa ni mzito kuliko wa madai ya kawaida.

Mahali pamoja nawakubalia wanaosema hayo. Watu wa Webuye, waliolizoea neno mrasimu tangu kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilipoanguka 2009, wajue kwamba mrasimu aliyewekwa na benki kwa mkataba wa mkopo si ofisa wa korti. Kumfungia geti, peke yake, si kudharau mahakama. Msimamizi anayewekwa chini ya sheria ya 2015 ni ofisa wa korti, awe ameteuliwa na yeyote yule.

Kwa hiyo mdai asirudi nyumbani. Amkabidhi mkurugenzi nakala ya amri mkononi, yenye onyo la adhabu, aliyeipeleka aape kiapo, picha za lori ziambatishwe, na ombi la kumwadhibu liwasilishwe katika faili ile ile ya ufilisi.